Ukuta wa mabwe upande wa kivuli: tuangalie kwanza mabwe inatoka wapi

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Komite ilituita tuseme juu ya kuta za mawe, zile mnazotaka kujenga mu malupango yenye kutelemka, na juu ya maua na mimea midogo inayoweza kukaa ndani yake. Tunajua pia kwamba kuna shauri lingine nyuma ya hilo. Feza ya chama iko, lori la mawe ya bei ya chini liko, na wengine wenu wanauliza mbona tunachelewesha. Basi tutasema yote mawili, kwa sababu hayatengani. Tukimaliza, uamuzi ni wenu. Sisi wa shirika hatupigi kura hapa.

Tuanze na lile la kufurahisha. Wengi wenu mumerudi toka Zambia, wengine toka Angola, wengine toka Kasai. Waliokaa Meheba wanakumbuka mashamba: mtu alipewa ardhi ya kulima, ya kutosha hata kuuza. Hapa Kolwezi umepata lupango, nyumba inakula nusu, choo na jiko vinakula robo, na kinachobaki mara nyingi ni ule upande wa nyuma, wenye kivuli, wenye mteremko, ambako mahindi hayakubali na mvula ya mwezi wa kwanza inabeba udongo wote mpaka kwa jirani. Mama mmoja alituambia, "Ule upande ni wa kutupa mayi ya vyombo tu." Tunasema hapana. Ule upande una kazi yake.

Ulaya kuna watu wanaojenga kuta za mawe bila sementi, makusudi kabisa, ili wapande ndani yake mimea ya milima mirefu ya kwao, mimea mifupi inayopenda kushika mwamba. Wengine wanachagua upande wa kivuli, kwa ajili ya feri na maua yanayochukia jua kali. Sisi hatuwezi kufanya kama wao kwa mimea ileile. Mimea ya juu kabisa, hata ile ya milima yetu wenyewe, Rwenzori na Karisimbi, imezoea baridi ya kila usiku. Ukiileta Kolwezi, penye meta 1,400 na kidogo, itaoza. Lakini shauri la mmea kuishi katika ufa wa jiwe, kivulini, na udongo kidogo tu, hilo si la wazungu. Usambara, kule Tanzania, kuna ua dogo la urujuani linaloota juu ya mawe yenye ukungu wa kijani chini ya miti. Mwaka 1892 afisa mmoja Mjerumani, Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na leo ua lile linauzwa ndani ya vyungu dunia nzima. Watu wa Usambara hawakupata chochote kikubwa katika biashara hiyo. Tutarudi kidogo kwa jambo hilo, kwa sababu hata huku kwetu kuna maua ambayo watu wa mbali wanayajua kuliko sisi.

Sasa kivuli chenyewe. Simama asubuhi, utazame jua linapotoka. Mkono wa kuume njo kusini. Hapa kwetu, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa, jua linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo uso wa ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua wakati wote wa kiangazi, wakati ule ule mayi inakuwa ghali na kila kitu kinakauka. Ikifika mwezi wa kumi na mbili jua linahamia kusini kidogo na kuugusa ukuta, lakini hapo mawingu yako na mvula inanyesha karibu kila siku. Ni kama mahali palipangwa. Kwa hiyo usilie kwamba lupango yako inatazama kusini. Kama mteremko wako unaangalia upande mwingine, kivuli cha mwembe au cha nyumba kinatosha, ila utamwagilia zaidi.

Namna ya kujenga. Chimba msingi wa kina cha sentimeta 25 hivi, upige udongo mpaka ushikane. Mawe makubwa kabisa yakae chini. Ukuta ulale nyuma, uegemee udongo: kila ukipanda sentimeta 60, uwe umerudi nyuma kama 10. Usizidishe kimo cha kiuno. Ukitaka zaidi, jenga kuta mbili fupi kwa ngazi. Na hili wengi wanalikosea, kwa hiyo tunalirudia: kila jiwe liinamishe kidogo kuelekea ndani, si kuelekea nje. Mvula ikipiga, mayi itafuata jiwe na kuingia kwenye udongo wa nyuma, kwenye mizizi. Ukiinamisha nje, mayi inamwagika mbele, mmea unakufa kwa kiu na udongo unatoka kati ya mawe.

Sementi hapana. Tunajua mafundi wanaipenda, juu ya kazi inaonekana "ya kizungu". Lakini ukuta wa sementi bila matundu unashika mayi nyuma yake, na mwaka wa pili unapasuka au unalala. Ukuta mkavu unapumua.

Panda wakati unajenga, usingoje umalize. Ukishaweka mstari wa mawe, weka udongo, lalisha mmea, mizizi ielekee nyuma mpaka iguse udongo wa mlima, kisha weka jiwe lingine juu. Anayemaliza ukuta kwanza na kuanza kusukuma mimea ndani ya matundu kwa kidole, nusu ya mimea yake itakufa. Udongo wa kuweka usiwe wa mbolea nyingi. Changanya mchanga, majani yaliyooza chini ya miti, na udongo kidogo wa kichuguu. Wajenzi wa matofali wanaujua udongo wa kichuguu: unashika. Tena huku Katanga mara nyingi una chokaa ndani yake, jambo litakalotusaidia baadaye.

Nini cha kupanda? Feri za kwenye kingo za mito na makorongo, chukua vipande tu, acha mama yake. Begonia, maua ya kivuli ya kila rangi ambayo bamama wanayapanda ndani ya makopo, mimea ya majani manene inayotunza mayi. Mente inakubali chini ya ukuta, penye unyevu. Juu kabisa, mahali jua linapogusa, shubiri. Ukitembea msituni juu ya miamba utaona feri ndogo na majani mengine ambayo kiangazi yanajikunja, yanakuwa kama karatasi iliyoungua, na mvula ya kwanza ikinyesha yanafunguka tena kijani. Usiyang'oe ukifikiri yamekufa. Hayo njo mimea ya ukuta kweli kweli, juu yanakuomba mayi kidogo sana. Kwa mingine, kiangazi, chukua kopo, toboa matundu madogo chini, liweke juu ya ukuta na ulijaze jioni mara mbili kwa juma. Mayi itatelemka yenyewe polepole. Isiwe mayi ya sabuni.

Hayo njo ya raha. Sasa tuje kwa lori.

Mawe yanayoletwa kwa bei ile yanatoka kwenye milundo ya mabaki ya migodi. Hatumtaji mtu, wala hatusemi mwenye lori ni mwizi. Yeye anauza anachopata. Lakini munajuaka wenyewe udongo wa hapa ulivyo. Mji huu ulijengwa na Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya kilicho chini yake. Baadaye ikaja Gécamines, na baada yake wengine wengi. Mwaka 2014, kule Kasulo, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya vyumba na nyuma ya jiko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale na watu wa mtaa mwingine wa jirani usiochimbwa. Walitoa kazi yao mwaka 2018. Kobalti ndani ya damu na mkojo ilikuwa nyingi zaidi kwa wa Kasulo, na kwa batoto kuliko kwa wakubwa. Kwa batoto waliona hata alama za kuharibika kwa mbegu za urithi ndani ya mwili. Mwaka 2009 walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo la namna hiyo kwa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti, shaba, risasi, hata urani.

Mtoto hali jiwe, hilo tunajua. Mtoto anacheza chini ya ukuta, anaweka kidole mdomoni. Mvula inaosha ukuta, mayi yake inaingia kwenye lengalenga iliyopandwa chini, kwa sababu chini ya ukuta njo mahali penye unyevu na kila mama atapanda hapo. Ukuta wa mabaki ya mgodi njo sehemu ndogo ya mgodi uliyoinunua kwa feza yako na kuiweka kando ya jiko.

Kuna mwanachama, hatutamtaja, alijenga ukuta wake kabla yetu, kwa mawe ya namna hiyo. Mwisho wa mvula, ndani ya nyufa, kukaota mimea midogo ambayo hakuipanda, yenye vichwa vya maua ya zambarau hafifu. Alifurahi. Alituita tuone, akasema, "Muone, ukuta unajipamba wenyewe!" Tena akauliza: "Baba, mabwe hii iko muzuri, iko na rangi, juu ya nini munaikataa?"

Ule mmea tunaujua. Wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, kwa kifaransa ua la shaba. Unapenda udongo wenye shaba, mahali majani mengine yanaposhindwa. Wachimbaji wa kale wa nchi hii, wale waliokuwa wakiyeyusha shaba na kumimina misalaba iliyotumika kama feza mamia ya miaka kabla ya wazungu, waliacha masalia ya tanuru zao ardhini. Wachunguzi wa mambo ya kale walitumia ua hili kutafuta tanuru hizo: linapoota kwa wingi peke yake, chimba, utakuta. Basi ua hilo ni shahidi. Likiota lenyewe ndani ya ukuta wako, linakuambia kilicho ndani ya mawe. Kuna lingine, la maua ya njano, Crotalaria cobalticola, ambalo jina lake tu linatosha: linakaa penye kobalti.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina bei. Angalia jiwe. Lenye ukoko wa kijani au wa buluu, kataa. Jeusi, zito, linaloacha masizi kwenye vidole, kataa. Angalia pale lilipotoka: kama ni mahali peupe ambapo hata majani ya kawaida hayaoti, au panaota paka hayo maua mawili, kataa. Lakini tuseme ukweli wote: jiwe linaweza kuwa baya bila rangi. Ndiyo maana tunauliza linatoka wapi kabla ya kuuliza linafananaje.

Mtu atasema, basi tukayachukue maua ya shaba vilimani, tuyapande kwa uzuri, tuuze. Tafadhali, hapana. Vilima vya shaba vya Katanga vinavyojulikana ni zaidi ya 150, na juu yake kuna mimea zaidi ya 30 ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Paul Duvigneaud aliandika juu yake mwaka 1958, François Malaisse ameitafuta kwa miaka mingi sana, mbegu zake zinatunzwa mpaka Meise kule Ubelgiji. Na vilima vyenyewe vinakwisha, kimoja kimoja vinageuka mashimo. Mimea mingi ya hapo haikubali udongo wa kawaida. Utaing'oa, itakufa kwako, na kilimani itakuwa imepungua. Mambo ya Usambara yasirudiwe na sisi wenyewe.

Sasa wale ambao ukuta wao umekwisha kujengwa na mawe hayo. Hatusemi muubomoe kesho. Kubomoa ukavu, kiangazi, ni kuinua vumbi, na vumbi njo adui wa kwanza. Hata wataalamu walidanganywa nalo: zamani walipima majani ya mimea ya shaba wakakuta madini ya ajabu, baadaye wengine wakaosha majani vizuri kabla ya kupima, na sehemu kubwa ya yale madini ikaonekana ilikuwa vumbi juu ya jani. Kwa mboga zetu, somo ni hilohilo: sombe, matembele, lengalenga inayouzwa kando ya barabara ya malori, ioshwe kwa mayi mingi, mara tatu, kabla ya kukatwa. Kuosha hakutoi kilichoingia ndani ya jani, lakini kunatoa kilicho juu, na hicho si kidogo.

Kwa ukuta wenyewe: ondoa bustani ya chakula chini yake mwaka huu huu. Weka mboga ndani ya masaki yenye udongo mzuri, juu ya mteremko, si chini. Penye ilipokuwa mboga, tia chokaa na samadi, kisha panda nyasi zinazofunika ardhi kabisa. Pale Lubumbashi, mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda uliua majani kwa miaka mingi, watafiti walijaribu namna hiyo, chokaa, mbolea na nyasi za vilima vya shaba, na nyasi zikakubali. Haiondoi shaba. Inaizuia isitembee. Batoto wasicheze hapo mpaka ardhi ifunikwe, na wanawe mikono kabla ya bukari, hilo halina mjadala. Ukuta utabomolewa wakati wa mvula, mawe yakiwa yamelowa, na chama kitafute pamoja mahali pa kuyapeleka. Mtu asiyatupe mtoni.

Tunajua neno linalokaa kooni mwa wengine: "Sisi tumerudi juzi, hatuna kitu, ninyi mnatukataza hata mawe." Tumelisikia, na si neno la kipumbavu. Lori linaleta kwa siku moja kile ambacho watu ishirini watakusanya kwa majuma matatu. Mvula haitangoja. Mwanachama mwenye nyumba iliyopasuka ukuta wa nyuma, habari za kobalti anaziona za mbali. Lakini angalieni hesabu kwa upande mwingine. Feza ya lori ni mchango wa watu wote, pamoja na wajane wasio na mteremko wowote. Ikinunua mawe mabaya, haitarudi, na kuyatoa kutakula mchango mwingine. Mawe mekundu ya laterite yanapatikana bure kwa anayekubali kubeba: kando ya barabara mpya zinapochongwa mbali na migodi, katika mashimo ya misingi ya nyumba, katika vijito vya juu ambavyo havipokei mayi ya viwanda. Si mazuri kwa macho. Yana matundu, na kwa mimea ya ukuta matundu njo uzuri wenyewe, feri inashika humo kuliko kwenye jiwe laini.

Pendekezo letu ni hili, mulijadili tukishaondoka. Feza ya lori ikodi gari dogo kwa siku nne, kwa kusafirisha tu. Kukusanya tufanye sisi wenyewe, kwa zamu. Tuanze na malupango matatu yaliyo katika hatari kubwa, ambayo komite inayajua, ukuta wa kimo cha goti kwanza, uongezwe mwaka ujao. Tutaleta nyundo mbili na kamba ya kupimia. Anayekuja alete lukasu, kikapu, na viatu vya kufunika vidole. Bamama wenye feri na begonia mu makopo, anzeni kukata vipande sasa, muviweke kivulini ndani ya mchanga uliolowa. Mizizi itahitaji majuma machache, na tungependa kujenga kabla mvula kubwa haijashika.

Na yule mwanachama wa maua ya zambarau amekubali watu waende kuyaona kwake kabla ya kung'olewa, ili kila mmoja alijue ua lile kwa sura. Muende wawili wawili, musijaze lupango ya mtu.